Ardhi Mbili za Amplifaya: Uhai na Ukimya Katika Nchi Kavu

Kabla ya adhana ya alfajiri mjini Garissa, amplifaya ya msikiti huwashwa kwanza. Taa ndogo nyekundu huwaka na spika zilizo juu ya paa huamka. Chombo kilichoungwa vizuri huamka kimya, na jirani hasikii chochote mpaka muadhini avute pumzi. Kilichoungwa vibaya huamka na mvumo mzito unaofika nyumba ya kumi, na mvumo huo hubaki chini ya kila neno la adhana. Muadhini mwenyewe ametoka kutia udhu. Viganja vyake vina maji, miguu haina viatu, na anashika maikrofoni ya chuma iliyofungwa kwa waya kwenye kasha lililochomekwa kwenye stima ya volti 240.

Mkono huo umeshika maswali mawili: je, sauti itatoka safi, na je, mwenye sauti yuko salama? Ukimuuliza fundi wa mtaani, mara nyingi atayajibu yote mawili kwa neno moja: ethi. Fundi mmoja ataongeza ethi ili mvumo uishe. Mwingine ataikata ili mvumo uishe. Wote wawili hufaulu siku moja na kushindwa siku nyingine, na hakuna kati yao anayejua sababu. Hoja yangu ni kwamba neno hilo limebebeshwa kazi mbili zisizofanana, na kuzichanganya kunazaa mvumo na hatari kwa pamoja. Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu udongo mkavu wa huku hauwezi kabisa kufanya kazi ambayo mafundi wengi wanautwika.

Waberi ni mojawapo ya wadi nne za Garissa mjini, pamoja na Iftin, Galbet na Township. Kwa Kisomali jina hilo maana yake ni alfajiri, na Iftin ni nuru. Mpenzi wa muziki wa Kisomali akiyasikia majina hayo hukumbuka pia makundi mawili makubwa ya Mogadishu, Waaberi na Iftin, ambayo kanda zake zilisambaa pande zote za mpaka. Nyimbo za qaraami, za sauti ya mtu na kaban, yaani udi, peke yake, zimejengwa juu ya nafasi tupu kati ya pigo na pigo. Mvumo wa hezi 100 hukaa jirani kabisa na nyuzi nene za kaban, na ukiingia, nafasi hiyo hujaa. Kwa hiyo ukimya wa amplifaya ni sehemu ya muziki wenyewe, sawa na ulivyo sehemu ya adhana.

Amplifaya za kujiundia tunazozungumzia hapa zinajulikana. Kasha ni la redio iliyokufa au bati lililokunjwa na fundi wa jua kali. Bodi ni ya TDA2030 kwa sauti ya chumbani, TDA7294 au LM3886 kwa nguvu zaidi, au jozi za transista 2SC5200 na 2SA1943 kwa ukumbi wa harusi. Transfoma imetolewa kwenye chombo kingine. Zinaitwa amplifaya kamili kwa sababu swichi ya kuchagua chanzo, kitufe cha sauti, besi na trebo, na nguvu ya kusukuma spika vimo vyote ndani ya kasha moja. Ukamilifu huo ndio unaoleta ugumu, maana mawimbi ya milivolti chache kutoka kwa maikrofoni yanaishi sentimita kumi tu kutoka kwa mikondo ya ampea kumi.

Neno moja, kazi mbili

Kazi ya kwanza ya ethi ni kulinda uhai. Huu ni waya wa kijani na njano unaotoka kwenye pini ndefu ya plagi na kufungwa kwenye bati la kasha. Siku ya kawaida haubebi karibu chochote. Unangoja siku moja tu, siku ambayo waya wa moto utachomoka au transfoma itaungua na umeme kugusa bati. Siku hiyo unapaswa kuupa mkondo njia pana ya kurudi ili kinga ikate stima kabla mtu hajagusa.

Kazi ya pili ni ya saketi. Kila amplifaya ina sifuri yake, yaani mahali ambapo volti zote nyingine hupimwa kutoka hapo. Sifuri hii haipumziki. Mkondo wa spika hurudi kupitia kwake, kapasita hujazwa kupitia kwake, na mawimbi ya muziki hulinganishwa nayo. Tena haina haja yoyote ya kugusa udongo. Redio ya betri inayosafiri juu ya ngamia ina sifuri na haivumi. Gari lililosimama juu ya matairi ya mpira lina sifuri na redio yake haivumi.

Imani iliyoenea ni kwamba kelele humwagwa ardhini kama maji machafu yanavyomwagwa shimoni, kwa hiyo shimo likiwa kubwa kelele itakwisha. Mkondo wa umeme hauendi hivyo. Hurudi ulikotoka, kama mbuzi wanavyorudi jioni kwenye zizi lao wenyewe na si zizi lolote lililo karibu. Mkondo uliotoka kwenye transfoma ya ndani ya kasha utarudi kwenye transfoma hiyo hiyo, na utatumia kila njia iliyo wazi mbele yake. Ikiwa mojawapo ya njia hizo ni waya mwembamba wa maikrofoni, utaupitia pia, na utauacha na mvumo. Kupigilia fimbo ya tatu nje ya dirisha hakugusi safari hiyo hata kidogo.

Udongo wa Garissa unaweza nini?

Tuuchukue udongo kwa hesabu. Fimbo ya shaba ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 12, ikipigiliwa kwenye udongo mbichi wenye uzuiaji wa omu-mita 100, hugusana na dunia kwa omu 75 hivi. Fimbo hiyo hiyo kwenye mchanga mkavu wenye uzuiaji wa omu-mita 1,000 hufikia omu 750. Garissa mjini uko kando ya mto Tana, na shamba lililo ukingoni linaweza kuwa na udongo wa aina ya kwanza. Lakini ondoka mtoni uingie kwenye mchanga, ngoja hadi mwisho wa Jilaal, kiangazi kikuu, wakati ambapo mvua imesahaulika, na fimbo iliyosomeka vizuri msimu wa mvua za Gu inakuwa fimbo nyingine kabisa.

Sasa fikiria nyumba ambayo ethi yake inategemea fimbo hiyo peke yake, na waya wa moto umegusa kasha la amplifaya. Gawanya volti 240 kwa omu 750, utapata ampea 0.32. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, na ile ya ndani ya amplifaya huenda ni ya 3. Hakuna itakayokatika. Hata kwenye udongo mbichi wa omu 75 mkondo ni ampea 3.2 tu, na breka kubwa ya ukutani haitashtuka. Wakati huo wote bati la kasha limekaa karibu na volti 240, limefungwa ethi kama kitabu kinavyosema, likimngoja mtu mwenye mikono yenye maji. Jasho la mchana wa nyuzi 36 hufanya kazi ile ile ya maji: hupunguza uzuiaji wa ngozi na kuufungulia umeme mlango.

Kwa hiyo katika nchi kavu ethi ya udongo haitoshi bila mlinzi wa pili, na mlinzi huyo ni swichi ya RCD ya miliampea 30. Yeye hausubiri mkondo mkubwa. Hulinganisha kinachotoka kwenye waya wa moto na kinachorudi kwenye nyutro, na pengo likifika miliampea 30 hukata. Ampea 0.32 za mchanga mkavu ni zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho, kwa hiyo fimbo iliyoshindwa kukata fyuzi inamtosha yeye vizuri sana. Nyumba, msikiti au duka lisilo na RCD kwenye udongo wa aina hii linapaswa kuiweka kabla ya kununua spika ya pili. Fimbo ndefu zaidi inayofikia unyevu husaidia, na fimbo mbili zilizotengana husaidia. Chumvi na makaa ambayo baadhi ya watu hufukia kuzunguka fimbo hupunguza uzuiaji kwa muda, kisha mvua huosha chumvi, na chumvi iliyobaki hula chuma.

Katika hesabu hii yote hatujataja mvumo hata mara moja, kwa kuwa udongo hauhusiki nao. Fundi aliyekata pini ya ethi na kusikia mvumo ukipungua amevunja kazi ya kwanza ili kufunika kosa la kazi ya pili. Dunia ya muziki imelipa bei ya kosa hili. Mei 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani huko Swansea baada ya kugusa maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya ethi. Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifariki nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme ambalo vifaa vyake havikuwa na ethi sahihi. Hawa walikuwa wanamuziki wa kulipwa, katika nchi yenye udongo mbichi.

Stima ya aina tatu

Garissa ilitegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na Desemba 2019 kituo cha sola cha megawati 50 kilizinduliwa nje ya mji. Wajir na Mandera zimeishi miaka mingi kwa mitambo ya dizeli. Nje ya miji hiyo, na katika kambi za Dadaab, sauti ya harusi au ya mkutano hutoka kwa jenereta ndogo au betri. Amplifaya ya huku, basi, hukutana na stima za aina tatu, na kila moja ina tabia yake ya ethi.

Stima ya gridi ndiyo iliyoelezwa hapo juu. Ugumu wake mwingine ni plagi. Soketi zetu ni za pini tatu, na pini ndefu ya ethi ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mengine mawili. Kila mtu ameona kalamu ikisukumwa kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Chaja ya simu iliyotengenezwa kwa kinga maradufu haidhuriki kwa hilo. Kasha la bati la kujiundia halina kinga maradufu, na kuliingiza kwa kalamu ni kuliondolea ulinzi wote.

Jenereta ndogo ya petroli kwa kawaida huelea: hakuna ncha ya nyaya zake iliyofungwa kwenye fremu wala ardhini. Kosa la kwanza halionekani, kwa sababu mkondo hauna njia ya kurudi. Kosa la pili, kwenye kifaa kingine, hukamilisha njia kupitia kwa mtu. RCD nayo haiwezi kuona kosa la kwanza la mtambo unaoelea. Ili ifanye kazi, nyutro ya jenereta hufungwa na ethi upande wa jenereta, kabla ya RCD, na kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Jenereta ina faida moja ya uchunguzi: injini ikipunguza kasi na mvumo ukashuka nayo, ujue mvumo unatoka kwenye stima na hautoki kwenye bodi.

Inveta ya bei nafuu hutoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini. Transfoma huunguruma kwa chuma chake, na ndani ya spika husikika mlio mkali kama wa nyuki ambao hakuna ethi itakayouondoa. Mwenye betri ya sola ana njia bora: aache inveta kabisa na kuunda amplifaya ya volti 12 moja kwa moja, kwa chipu za magari kama TDA7377 au bodi ndogo za TPA3116. Hapo hatari ya volti 240 haipo, ingawa betri yenyewe inaweza kuchoma waya, kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya betri.

Sharti moja la chipu hizi limeua nyingi mikononi mwa mafundi. Zikiungwa kwa mtindo wa daraja, waya hasi wa spika si sifuri. Waya zote mbili za spika ziko hai, na ukiunganisha waya hasi na kasha, chipu inaweza kuungua. Jambo la pili ni simu inayochajiwa kwa betri ile ile huku ikipiga muziki kwenye amplifaya. Sifuri zao hukutana mara mbili, kupitia chaja na kupitia waya wa sauti, na sauti kali ya chaja huingia ndani. Ichomoe chaja. Sauti ikinyamaza, umempata mkosaji bila kifaa chochote cha kupimia.

Ndani ya kasha

Mvumo mwingi huzaliwa ndani ya kasha, na hapa ndipo mkono wa fundi unaonekana. Transfoma hutoa umeme unaobadilika mara 50 kwa sekunde; daraja la daiodi huugeuza, na kapasita hujazwa kwa mapigo mafupi mara 100 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo hakuna kinachoingia. Wakati wa pigo lenyewe mkondo unaweza kufika ampea 10. Chukua kipande cha waya wa milimita mraba 0.5 chenye urefu wa sentimita 10. Uzuiaji wake ni omu 0.0034, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Lakini ampea 10 zikipita hapo huacha milivolti 34. Ikiwa sifuri ya ingizo la sauti imefungwa mwisho wa kipande hicho, amplifaya inayokuza mara 30 itapeleka volti moja ya mvumo kwenye spika. Hiyo ni kelele ya chumba kizima, na imetokana na waya usiofika hata mara mbili ya urefu wa kidole cha kati.

Dawa yake ni mpangilio. Waya wa katikati wa transfoma ufungwe kwenye kiungo cha kapasita mbili kubwa, na mapigo yote yaishie hapo. Kutoka kiungo hicho toa waya mmoja mnene na mfupi hadi kwenye nukta nyingine ya shaba. Hiyo ndiyo sifuri safi, na mafundi wengi huiita nyota kwa kuwa nyaya zote hutawanyika kutoka hapo. Mapigo ya kujaza hayapiti tena kwenye waya huo, kwa hiyo nyota haitikisiki. Spika zirudi kwenye nyota, kila moja kwa waya wake. Bodi za nguvu zirudi kwenye nyota, kila moja kwa waya wake. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuifanya nyota iwe pale pale kwenye mguu wa kapasita, kwa kuwa pana nafasi ya lehemu. Mchoro unaonekana sawa, na mvumo unabaki.

Sifuri ya ingizo inahitaji uangalifu zaidi. Soketi za sauti zitengwe na bati kwa pete za plastiki, ili sifuri isiguse kasha mahali pasipotarajiwa. Waya wa ingizo ubebe sifuri yake pamoja nao hadi kwenye kitufe cha sauti, kisha hadi kwenye bodi. Bodi nzuri huitenga sifuri ya sauti na ile ya nguvu kwa rezista ya omu 10, ili mkondo mkubwa usione faida ya kupita njia ndogo. Bodi nyingi za bei nafuu zimezifunga pamoja tayari. Kwa hizo, usipeleke waya wa pili wa sifuri kutoka kwenye kitufe cha sauti hadi kwenye nyota, maana utakuwa umetengeneza duara. Kila bodi iwe na njia moja tu ya kwenda nyumbani. Chasisi ya chuma ya kitufe cha sauti ifungwe kwenye kasha, ili kidole kinapokigusa kisilete mlio.

Baada ya sifuri hufuata sumaku. Waya unaobeba umeme unaobadilika huzungukwa na sumaku inayobadilika, na waya wa jirani huinywa. Waya wa moto na nyutro zisokotwe pamoja na kupitishwa kwenye kona ya kasha. Nyaya za kutoka transfoma hadi daraja zisokotwe. Waya wa sauti uwe wa nyavu, ukae upande mwingine, na ukilazimika kukutana na waya wa stima uukatize kwa pembe mraba. Transfoma ya duara inaweza kuzungushwa taratibu kwenye boliti yake mpaka mvumo ufike chini kabisa. Hatua hiyo ya dakika tano haigharimu chochote. Boliti hiyo isiguse mfuniko wa juu wa kasha, kwa sababu ikigusa juu na chini itakuwa mzunguko mmoja uliofungwa na transfoma itaungua.

Kuhusu waya wa ethi, masharti ni machache na hayana mjadala. Kwaruza rangi mpaka bati ling'ae. Tumia boliti yake yenyewe, isiyoshika kitu kingine, na pete ya meno pamoja na nati mbili. Uache waya wa ethi uwe mrefu kuliko waya wa moto na nyutro, ili kamba ikivutwa kwa nguvu ethi iwe ya mwisho kukatika. Mahali waya unapoingilia kasha pawe na raba na kibano. Fyuzi na swichi ziwe kwenye waya wa moto.

Ardhi mbili zinapokutana

Sasa swali linalogawanya mafundi: je, sifuri ya saketi ifungwe kwenye kasha lenye ethi? Ndiyo, lazima ziungane, kwa sababu kihami cha ndani ya transfoma kikivunjika, umeme wa gridi utapanda kwenye sifuri, na kutoka hapo utafika kwenye kila soketi na kila maikrofoni. Swali linalobaki ni jinsi ya kuziunganisha.

Kama amplifaya inacheza simu au redio isiyo na ethi, waya mmoja kutoka nyota hadi kasha unatosha. Kama itaungwa na vifaa vingine vyenye ethi yao, kuna mtego. Mikisa ina ethi, amplifaya ina ethi, na waya wa sauti unaziunganisha tena. Umetengeneza duara kubwa linalozunguka chumba kizima, na volti ndogo iliyopo kati ya soketi mbili hutembea ndani ya waya wa sauti. Dishi la televisheni lililofungwa kwenye mlingoti huongeza duara jingine. Huu ndio mvumo unaomfanya mtu akate pini. Jibu salama ni kuweka kati ya nyota na kasha daraja la daiodi la ampea 35, ncha zake chanya na hasi zikiwa zimefungwa pamoja, sambamba na rezista ya omu 10 na kapasita ndogo ya nanofaradi 100. Volti ndogo ya duara, iliyo chini ya volti moja, haiwezi kufungua daiodi, kwa hiyo inazuiwa na rezista. Kosa kubwa likitokea, daiodi hufunguka na kuubeba mkondo mpaka kinga ikate. Waya kati ya pini ya ethi na bati la kasha haukuguswa, na hautaguswa kamwe.

Kwa msikiti, ukumbi na mkutano wa hadhara, safari ya waya ni ndefu na suluhisho liko kwenye waya wenyewe. Maikrofoni ya mfumo wa waya mbili na nyavu hutuma wimbi moja kwa waya mbili zilizo kinyume. Kelele huingia zote mbili sawa, na amplifaya huitoa kwa kutoa moja kwenye nyingine. Mwaka 1995 mhandisi wa sauti Neil Muncy alionyesha kosa lililokuwa limejificha katika vifaa vingi vya viwandani: nyavu, yaani pini ya kwanza, ilikuwa imepelekwa kwenye sifuri ya bodi, hivyo kelele ya nyavu ikaingizwa ndani badala ya kuachwa mlangoni. Anayejiundia ana uhuru wa kutolirudia kosa hilo. Pini ya kwanza aifunge kwenye bati pale pale inapoingilia. Pale ambapo ingizo si la waya mbili, transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa 1:1 hulikata duara bila kugusa ethi. Waya wa spika za paa za mfumo wa volti 100 usilale pamoja na waya wa maikrofoni, na usishikwe wakati chombo kinawaka.

Kupima kabla ya kuamini

Kazi iliyokamilika ithibitishwe kwa mpangilio, uhai ukitangulia. Plagi ikiwa nje ya soketi, pima kutoka pini ya ethi hadi kila kipande cha chuma kinachoshikika: kasha, mfuniko, skrubu, kitufe. Mita ya kawaida itasoma sehemu ndogo ya omu, ambayo nyingi ni ya nyaya zake yenyewe. Pima kutoka waya wa moto na nyutro hadi kasha. Isiwepo njia yoyote. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya zamani ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwaka kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima; balbu imekuokolea transista. Kabla ya kuunga spika, volti ya moja kwa moja kwenye mlango wake iwe chini ya milivolti 50. Kisha bonyeza kitufe cha jaribio cha RCD, na uwe na desturi ya kukibonyeza tena kila Jilaal inapoanza.

Ndipo uwinde mvumo. Funga ingizo kwa kipande cha waya kinachounganisha sauti na sifuri. Mvumo ukibaki, uko ndani ya kasha. Ukitoweka, unatoka nje. Sauti nzito na laini ya hezi 50 huonyesha sumaku ya transfoma au duara la ethi. Sauti ya hezi 100 yenye makali huonyesha mapigo ya kapasita yamepita njia isiyo yake. Mvumo ukibadilika kwa kitufe cha sauti, umeingia kabla yake. Usipobadilika, umeingia baada yake. Kama chombo kilikuwa kimya kwa miaka na sasa kimeanza kuvuma, tazama kapasita kubwa kabla ya kulaumu ethi. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake karibu kwa nusu, na kasha lililofungwa kwenye jua la Garissa huiva haraka, kwa hiyo ununue zile za nyuzi 105.

Hakuna hatua kati ya hizi inayohitaji maabara. Mita ya kawaida, balbu, pete za plastiki, rezista ya omu 10 na daraja la daiodi hupatikana. Kinachokosekana ni kufundishwa kwa kazi hizi mbili kama kazi mbili. Mwanafunzi wa umeme katika North Eastern National Polytechnic anajifunza ethi ya nyumba. Kijana wa kibanda cha kutengeneza redio anajifunza saketi kwa macho na lehemu. Wa kwanza anaujua udongo, wa pili anaijua bodi, na amplifaya ya msikiti imekaa katikati yao. Kamati za misikiti, wenye kumbi na wakuu wa madrasa wanaweza kuwaleta pamoja kwa kuuliza swali moja kabla ya kulipa: nionyeshe ethi ya kasha, kisha nionyeshe sifuri ya saketi, na mahali zinapokutana.

Fundi anayeweza kuweka kidole juu ya kila moja atakuwa amemaliza kazi. Alfajiri ikifika, muadhini atashika chuma kwa mikono yenye maji na miguu mitupu, na kitu cha kwanza ambacho mji utasikia kitakuwa pumzi yake.